Mandhari na Mwenye Kiwanja: Hatima ya Studio za Filamu katika Enzi ya Kidijitali

Kwa muda mrefu uhakiki wa Kiswahili umeichukulia mandhari kuwa jambo la kalamu. Mwandishi akitaja mtaa wa mabanda, mtaa unakuwapo. Akitaka mvua, mvua inanyesha na hakuna anayelowa. Katika riwaya, gharama ya kasri ni sawa na gharama ya kibanda: mstari mmoja wa wino. Katika filamu mambo hayako hivyo. Huko mandhari hujengwa kwa mbao, plasta na misumari, kwa mikono ya watu wanaolipwa ujira, na hujengwa juu ya kiwanja chenye mwenyewe na chenye bei. Mhakiki aliyelelewa na riwaya na tamthilia hulisahau jambo hili kwa wepesi anapoihamia filamu. Huifasiri nyumba ya hakimu au chumba cha kahaba kana kwamba vilitoka moja kwa moja katika fikra za mtunzi, ilhali vilisimama majuma machache ndani ya jumba lisilo na madirisha, vikavunjwa, na mbao zake zikatumika kwingine.

Jumba hilo, yaani studio, ndilo linalotajwa siku hizi kama marehemu. Madai yenyewe yamezoeleka. Inasemwa kwamba kamera ndogo za kidijitali zimewawezesha watu kupiga filamu popote. Kwamba kompyuta huchora mji mzima bila fundi kushika msumari. Na kwamba, kwa sababu hizo, studio ya jadi haina budi kutoweka kama taipureta ilivyotoweka. Madai haya yana ukweli wa juujuu tu. Makala haya yanashikilia kuwa teknolojia ya kidijitali haikuiua studio kama ukumbi. Inachofanya ni kuutenga ukumbi na nyumba, yaani kuligawa lile jumba ambalo zamani lilikuwa mahali pa kazi, ghala la kumbukumbu na saini ya msanii kwa pamoja, na kubakiza sehemu inayoweza kukodishwa kwa siku. Tofauti hii ndiyo inayopaswa kumshughulisha mhakiki, maana mandhari iliyozaliwa nyumbani haisomeki sawa na mandhari iliyokodishwa.

Mfano unaofaa zaidi ni RK Studios ya Chembur, katika kitongoji cha mashariki mwa Bombay, mji ambao tangu 1995 unaitwa Mumbai. Sababu ya kuuteua si umaarufu wake pekee. Hadhira ya pwani ya Afrika Mashariki iliifahamu studio hii kwa macho kabla ya kuijua kwa jina. Filamu zake Awara ya 1951 na Shree 420 ya 1955 zilitazamwa kwa shauku katika majumba ya sinema ya Unguja, na mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji watazamaji wa Unguja, ameonyesha jinsi Awara ilivyowapa vijana wa wakati ule lugha ya kujadili mapenzi na mamlaka ya wazazi. Mahadhi ya filamu za Kihindi yaliingia katika taarabu, na Juma Bhalo wa Mombasa alijipatia jina kubwa kwa kuyatungia maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo ngazi, mawingu na mitaa iliyojengwa Chembur ni sehemu ya mandhari ya kifikra ya watu wengi ambao hawakuwahi kuvuka bahari. Uhakiki wa fasihi ya pwani ungefaa ulitilie jambo hili maanani kuliko ulivyofanya mpaka sasa.

Raj Kapoor alianzisha kampuni ya RK Films mwaka 1948, akiwa kijana wa miaka 23, na filamu yake ya kwanza, Aag, ikatoka mwaka huohuo. Barsaat ya 1949 ilimpa fedha na nembo pia. Nembo hiyo ni umbo la mwanamume aliyemshika mwanamke kwa mkono mmoja na fidla kwa mkono wa pili, nayo ilichukuliwa kutokana na picha ya Raj na Nargis katika filamu hiyo. Kwa fedha hizo alijenga studio katika kiwanja cha ekari mbili na kitu. Kiwanja hicho hakikuwa kikubwa. Ramoji Film City, iliyofunguliwa karibu na Hyderabad mwaka 1996, ina ekari zaidi ya elfu moja na mia sita. Uzito wa RK ulitokana na kwamba mwelekezi, mtayarishaji na mwenye kiwanja walikuwa mtu mmoja, na kwamba aliwakusanya mahali pamoja watu waliofanya kazi naye filamu baada ya filamu: mwandishi Khwaja Ahmad Abbas, mpigapicha Radhu Karmakar, watunzi wa muziki Shankar na Jaikishan, na msanii wa mandhari M. R. Achrekar.

Awara inasimulia habari za Raj, mtoto wa hakimu aliyemfukuza mkewe kwa kumshuku baada ya mwanamke huyo kutekwa nyara na jambazi Jagga. Hakimu anaamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na mwanawe mwenyewe anakulia mitaani na kuwa mwizi kwa malezi ya Jagga huyohuyo. Hakimu anaigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor. Raj akiwa mtoto anaigizwa na Shashi, mdogo wake Raj Kapoor. Neno nyumba hapa si sitiari tupu. Ukoo mmoja unaigiza tatizo la ukoo katika kampuni ya mmoja wao, na kejeli ya hadithi, kwamba damu si hatima, inatamkwa na watu waliounganishwa na damu.

Sehemu ya filamu hiyo inayostahili kukaliwa zaidi ni ile njozi ya takriban dakika tisa, ambayo kuipiga kwake kulichukua miezi kadhaa. Raj anajiona amezungukwa na moto na maumbo ya kutisha. Kuna ngazi inayopanda mawinguni, na Rita, mpenzi wake wakili, yuko juu. Kuna sanamu kubwa mno za miungu. Na mwishowe Jagga anatokea na kisu, akiwa mrefu kama mnara. Wahakiki wengi wameifasiri sehemu hii kisaikolojia, na hawakukosea. Hata hivyo, kuna jambo ambalo tafsiri hiyo hulipita. Njozi hii haifichi kuwa imejengwa. Moshi unaonekana kuwa moshi wala si wingu, na sanamu zinaonekana kuwa plasta. Mahali pengine pote katika filamu studio inajitahidi kujifanya kuwa dunia; katika njozi inakiri kuwa ni studio, na kukiri huko ndiko kunakompa mhusika uhuru ambao dunia ya hakimu inamnyima. Raj hana nyumba mjini. Mahali pekee anapoweza kupanda ngazi ni pale ambapo fundi amemjengea ngazi.

Jagte Raho ya 1956, iliyotayarishwa na RK Films na kuelekezwa na Sombhu Mitra na Amit Maitra, inakwenda mbali zaidi ijapokuwa haikupata umaarufu wa Awara. Mkulima mwenye kiu anaingia mjini Calcutta usiku, anaingia katika jengo la makazi akitafuta maji, anadhaniwa kuwa mwizi, na usiku kucha anakimbia kutoka chumba hadi chumba huku akishuhudia wizi halisi wa watu waheshimiwa. Filamu nzima ni jengo moja. Maana yake haitoki katika maneno, kwa sababu mhusika mkuu karibu hasemi kitu. Maana hutoka katika milango, ujia, ua na bomba la maji analoling'ang'ania nje ya ukuta huku wakazi wakimzomea na kumrushia mawe. Lile bomba ni muhimu. Mtazamaji huamini hatari yake kwa kuwa anauona uzito wa mwili ukilivuta. Jengo lina ukaidi wake: halimwachii mwelekezi afanye kila alitakalo, na ukaidi huo unageuka kuwa hoja ya filamu, kwamba mji huu haukujengwa kwa ajili ya mtu mwenye kiu.

Nyumba hiyo ilianza kulegea mapema, kabla ya kompyuta kuingia katika filamu yoyote ya Kihindi. Mera Naam Joker ya 1970, yenye urefu wa karibu saa nne, ilimletea Raj Kapoor hasara kubwa na madeni. Bobby ya 1973 ikamwokoa. Alifariki mwezi Juni 1988. Filamu ya mwisho ya RK, Aa Ab Laut Chalen, iliyoelekezwa na mwanawe Rishi, ilitoka mwaka 1999. Tangu hapo studio haikuwa na filamu yake yenyewe, ikawa ya kukodishwa, hasa kwa vipindi vya televisheni. Tarehe 16 Septemba 2017 moto ulizuka katika ukumbi mkuu, palipokuwa pamejengwa mandhari ya shindano la dansi la televisheni. Hakuna aliyekufa. Yaliyoungua ni mavazi na mapambo yaliyovaliwa na waigizaji wa filamu za RK tangu enzi za Nargis, pamoja na kinyago cha Joker. Mwaka 2018 familia ilitangaza uamuzi wa kuuza. Rishi Kapoor alieleza kuwa kujenga upya kusingelipa, na kwamba hata kabla ya moto wateja walikuwa wachache, kwani watu wa filamu walipendelea Andheri na Goregaon kuliko kusafiri hadi Chembur. Mwezi Mei 2019 ilitangazwa kuwa kampuni ya Godrej Properties imekinunua kiwanja hicho ili kujenga makazi.

Katika orodha hii ya sababu, udijitali uko wapi? Haumo, au umo kwa mbali sana. Kilichoimaliza RK ni kukosa kazi yake yenyewe, jiografia ya mji uliokulia upande wa magharibi, bei ya ardhi, na urithi. Sababu hii ya mwisho haitajwi sana kwa heshima ya wafiwa, lakini ndiyo nzito kuliko zote. Ule muundo wa ukoo uliozipa filamu za miaka ya hamsini nguvu ndio pia uliozuia studio kupata maisha nje ya ukoo. Nyumba ya familia, mwenyewe anapokufa, huwa mirathi. Na mirathi ya ekari mbili mjini Mumbai ina thamani zaidi ikiwa tupu. Kuilaumu kompyuta kwa jambo hili ni kuipa sifa isiyokuwa yake.

Ushahidi mwingine unatoka katika teknolojia yenyewe. Mfululizo wa Marekani The Mandalorian, ulioanza kuonyeshwa mwaka 2019, ulizifanya kumbi nyingi ziige mtindo wa ukuta wa nuru. Nao ni ukuta wa skrini uliosheheni vijitaa vidogo sana, uliopinda kumzunguka mwigizaji, unaoonyesha mandhari iliyochorwa na kompyuta wakati uleule kamera inapopiga. Kamera ikisogea, picha ukutani nayo husogea kwa kiasi chake. Ukuta wa mfululizo huo ulikuwa na kimo cha takriban mita sita na kipenyo cha takriban mita ishirini na tatu. Kitu cha ukubwa huo hakiwezi kuwekwa sebuleni. Kinahitaji jumba refu, lenye giza, lenye umeme mwingi na lililokingwa na kelele. Yaani kinahitaji studio. Nchini India kwenyewe, Annapurna Studios ya Hyderabad, iliyoanzishwa na mwigizaji Akkineni Nageswara Rao katika miaka ya sabini, imejenga ukumbi wa aina hii katika miaka hii ya 2020, miaka michache tu baada ya Chembur kuuzwa. Familia moja iliuza, nyingine ikawekeza. Na teknolojia iliyopatikana ilikuwa ileile.

Historia ya Babelsberg, karibu na Berlin, inaonyesha jambo hili kwa urefu zaidi. Studio ya kwanza mahali hapo, ya mwaka 1912, ilikuwa nyumba ya vioo, kwa kuwa filamu ilihitaji jua. Mwaka 1926 ulijengwa ukumbi mkubwa ambamo sehemu za Metropolis ya Fritz Lang zilipigwa, filamu iliyotumia vioo vya Eugen Schüfftan kuunganisha waigizaji na majengo madogo ya mfano hata vikaonekana kama mji mmoja. Mwaka 1929, sauti ilipoingia, ulijengwa mkusanyiko wa kumbi nne zenye umbo la msalaba, zisizo na madirisha. Mwaka 2021 ukafunguliwa hapohapo ukumbi wa ukuta wa nuru uitwao Dark Bay, ambamo mfululizo wa 1899 ulipigwa. Jukwaa lake huzunguka, ili nuru ya upande mmoja wa ukuta itumike kwa pande zote za mandhari. Mtu anayeifahamu historia atakumbuka kibanda cha Thomas Edison cha mwaka 1893 kule New Jersey, kilichozungushwa juu ya reli kulifuata jua. Kila mara mbinu mpya ilipokuja, jumba lilibadilika umbo. Halikutoweka.

Lakini Babelsberg pia imebadilisha wenyewe mara nyingi. Ilikuwa ya kampuni ya UFA, iliyotwaliwa na utawala wa Kinazi. Kisha ya DEFA, shirika la filamu la Ujerumani Mashariki lililoanzishwa mwaka 1946. Mwaka 1992 ikauzwa kwa kampuni ya Kifaransa, na mwaka 2004 ikauzwa tena kwa bei ya euro moja pamoja na madeni yake. Mwaka 2022 hisa zake nyingi zilinunuliwa na mfuko wa uwekezaji wa ardhi na majengo wa kampuni ya Kimarekani TPG. Inafaa kuutazama mfano huu kando ya ule wa Chembur. Mahali pamoja studio imevunjwa kwa ajili ya nyumba za makazi; mahali pengine imebaki studio, na aliyeimiliki ni mtaalamu wa majengo ya kupangisha. Katika hali zote mbili anayeamua ni bei ya kiwanja. Filamu imekuwa mpangaji katika jumba lililokuwa lake.

Baada ya hayo, swali la kihakiki laweza kuulizwa kwa uwazi. Je, upangaji huu unaonekana ndani ya kazi yenyewe, au ni suala la wahasibu tu?

Yafaa kwanza kuutendea haki ukuta wa nuru. Ni kosa kuuweka katika kapu moja na lile pazia la kijani lililoutangulia, ambapo mwigizaji alisimama mbele ya utupu na ulimwengu ukabandikwa baada ya miezi kadhaa na watu ambao hakuwahi kuwaona. Ukuta wa nuru unamrudishia mwigizaji kitu cha kutazama, na mwanga wa ulimwengu huo unaangukia uso wake kweli. Tena unamlazimisha mwelekezi kuamua mandhari kabla ya kupiga, kama alivyolazimika zamani mbele ya fundi wa mbao. Kwa maana hiyo mbinu hii mpya iko karibu na Achrekar kuliko na miaka ya tisini.

Tofauti inaanzia kwenye mguso. Katika ukumbi wa ukuta wa nuru, sakafu, meza, mlango na chochote kinachoshikwa hujengwa bado kwa mbao. Kinachotazamwa tu, na kilicho mbali, ndicho huwa nuru. Ulimwengu unagawanywa katika kinachoguswa na kinachotazamwa, na mpaka huo huwekwa kwa hesabu ya gharama kabla hadithi haijaanza. Lile bomba la Jagte Raho lingejengwa, maana mtu analipanda. Je, jengo lenyewe lingejengwa? Yumkini vyumba viwili vitatu, na orofa nyingine zote zikawa picha. Hapo wale wakazi wenye fimbo wangekuwa nje ya uwezo wa mkulima kuwafikia, na yeye nje ya uwezo wao. Hofu ya filamu ile inatokana na kwamba kila mlango unaoonekana unaweza kufunguka. Mahali ambapo milango mingi ni nuru, mtazamaji, hata asipojua sababu, huacha kuiogopa.

La pili ni asili ya kinachotazamwa. Mandhari ya kidijitali si lazima ichorwe upya kwa kila kazi. Zipo sasa maktaba za kibiashara ambamo mtaa, msitu, gofu au soko hununuliwa vikiwa tayari na kutumika katika kazi yoyote. Mbao za RK pia zilitumika upya, naam, na hakuna studio ya kale ambayo haikukopa kutoka ghala lake. Ila ghala lile lilikuwa la nyumba moja, na mkopo ule uliacha alama: mtazamaji makini wa filamu za studio moja hutambua ngazi iliyorudi, taa iliyorudi, ua uliopakwa rangi upya. Kurudi huko ni aina ya mwingilianomatini ambayo nadharia ya fasihi ingeweza kuisoma kama inavyosoma mishororo inayorudi katika tenzi za mshairi mmoja. Mtaa ulionunuliwa maktabani nao unarudi, lakini unarudi katika kazi za watu wasiojuana, kama methali iliyochapwa kwenye kalenda. Hauna kumbukumbu ya kazi yoyote.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba hoja hii ni ya majonzi ya ukale, nayo inasahau kwamba nyumba hizo zilikuwa na mababa. Ni kweli. Studio za aina ya RK ziliongozwa na mtu mmoja ambaye neno lake lilikuwa amri, na uongozi wa filamu zake, baada yake, ulishikwa na wanawe wa kiume, Randhir, Rishi na Rajiv. Fundi aliyepaka plasta miungu ya Awara hakupata jina katika historia. Anayetamani nyumba irudi kama ilivyokuwa anatamani pia lile baraza ambalo wengi hawakuketi. Hata hivyo pingamizi hili halitetei upangaji. Fundi wa leo, anayekodiwa kwa siku katika ukumbi wa kampuni ya majengo, hana jina zaidi ya yule wa 1951, na hana mahali pa kurudi kesho.

Pingamizi la pili linatoka karibu. Filamu za Kiswahili na za lugha nyingine za Kenya zilizochipuka kwa kamera za video, zile zinazohusishwa na River Road mjini Nairobi na kujulikana kama Riverwood, pamoja na ndugu zake wa Dar es Salaam, hazikuwahi kuwa na studio ya aina ya Chembur. Zimepigwa katika nyumba za kukodi na za marafiki, barabarani, mashambani na katika baa zilizofungwa asubuhi. Kwa hiyo, yaweza kudaiwa, mjadala huu hauwahusu wasomaji wa Kiswahili. Unawahusu mno. Sinema hiyo ilianza pale ambapo nyingine zinasemekana kuelekea, na mhakiki anaweza kuona matokeo. Sebule moja yenye makochi makubwa na mapazia mazito hutokea katika filamu hii kama nyumba ya mchungaji na katika ile kama nyumba ya tapeli. Wahakiki wameicheka sebule hiyo kama ishara ya uvivu, bila kuuliza ni ya nani na ilikodiwa kwa saa ngapi. Tajiri wa filamu hizo hana jikoni wala uani, kwa sababu mwenye nyumba hakuruhusu kamera kupita sebuleni. Tabaka zima la jamii limeonyeshwa kwa kipimo cha mkataba wa kupanga, na uhakiki ukakiita kipimo hicho udhaifu wa fani.

Wanaodai kuwa sinema ya hapa inahitaji ukumbi wa kisasa wenye ukuta wa nuru wana haki ya kudai, lakini hawajasema ni nini kitakachobaki ndani ya ukumbi huo usiku, wapangaji wakiisha kuondoka. Ghala la mavazi? Mbao zenye namba? Mafundi wanaojuana kwa majina na kubishana juu ya kazi iliyopita? Ukumbi usio na haya utatoa picha safi za mitaa isiyokuwa ya mtu. Chama cha ushirika cha mafundi na waelekezi chenye bohari kuukuu na ghala lililofungwa vizuri kinaweza kuwa studio zaidi kuliko jumba la mamilioni, na si lazima kiwe na baba.

Mwezi Desemba 2024, miaka mia moja tangu Raj Kapoor azaliwe, filamu zake kumi zilizosafishwa kwa njia ya kidijitali zilionyeshwa katika majumba ya sinema ya miji mingi ya India, Awara ikiwa miongoni mwake. Usafishaji wa namna hii huondoa mikwaruzo ya seluloidi na kurudisha weusi na weupe uliokuwa umefifia. Kadiri picha inavyosafika ndivyo ile njozi inavyozidi kukiri: chembe za plasta kwenye nyuso za sanamu na ukingo wa moshi unapoishia kabla ya sakafu huonekana vizuri zaidi. Makazi yaliyojengwa Chembur yameitwa Godrej RKS.